Mwembe Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kuelekeza Taa za Miti

Karibu kila anayeniandikia kuhusu taa za miti huanza na maneno yanayofanana: taa zimeshanunuliwa, fundi ameshafunga na kuondoka, na mti haupendezi. Mmoja anasema mwembe wake umekuwa mweupe kama uliopakwa chokaa. Mwingine anasema shina linawaka lakini matawi yamepotea gizani. Wengi wanalalamika kwamba wakikaa barazani hawauoni mti, wanaiona taa inayowachoma macho.

Chanzo ni kimoja. Taa ilichaguliwa mchana, dukani, kwa kutazama wati na bei. Mahali pa kuifunga palichaguliwa kwa kutazama waya unafika wapi kwa urahisi. Hakuna aliyesimama gizani kuutazama mti kwanza. Hapa tunaanzia huko: tochi kwanza, fedha baadaye.

## Vitu vya kuandaa

Gawa mahitaji yako mafungu mawili, na usiguse fungu la pili kabla hujamaliza kazi ya fungu la kwanza.

Kwa ajili ya majaribio:

- Tochi mbili za LED zenye mwanga wa kutosha, moja ya mwanga mwembamba na moja ya mwanga mpana. Tochi ya kuvuta, ile inayokaza na kutawanya mwanga, inaweza kuchukua nafasi ya yoyote kati ya hizo.
- Futi ya kamba, vigingi kumi hivi, kalamu na karatasi.
- Msaidizi mmoja mvumilivu.

Kwa ajili ya kufunga:

- Taa za LED zenye mkuki wa kuchomeka ardhini na shingo inayogeuka, wati 3 hadi 15, zenye alama ya IP65 au zaidi.
- Kofia za kuziba mng'ao, au vichujio vya matundu kama sega la nyuki.
- Transfoma ya kushusha umeme hadi volti 12, iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje.
- Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wa kustahimili jua na unyevu, pamoja na paipu za plastiki.
- Maboksi ya maungio yasiyoingiza maji, au konekta zenye jeli ndani.
- Kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30.
- Swichi ya saa.
- Mikanda mipana ya kufungia, kama utapandisha taa juu ya mti.

Alama ya IP nieleze kidogo, maana watu wengi huipita. Namba ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP65 inastahimili maji ya kurushwa, kwa hiyo mvua haiisumbui. IP67 inastahimili hata kuzama kwa muda mfupi. Kama bustani yako hutuama maji wakati wa masika, chukua IP67.

Ukiwa pwani, uliza pia bodi ya taa imetengenezwa kwa nini. Chumvi ya bahari hula alumini ya bei rahisi: rangi inavimba, skrubu zinashikana, siku unapotaka kugeuza taa shingo inakatika. Shaba, au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, hugharimu zaidi, lakini kwa nyumba iliyo karibu na maji ndicho ninachokushauri ununue.

## Hatua ya 1: Amua utautazama mti kutoka wapi

Mti una pande zote, macho ya watu hayana. Kaa barazani, kisha simama dirishani sebuleni, kisha ingia getini kama mgeni. Andika ni sehemu ipi kati ya hizo watu hukaa muda mrefu zaidi usiku. Hiyo ndiyo sehemu utakayoipangia taa.

Chagua mti mmoja, labda miwili. Ukiwasha miti yote mitano ya uani, jicho halina pa kutua, na uwanja unakuwa kama stendi ya mabasi. Giza lililo kati ya mti na mti ndilo linaloufanya ule uliowashwa uonekane.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nataka aliyekaa barazani aone matawi ya mwembe." Kama sentensi yako ni "nataka uwanja uwe na mwanga", unahitaji taa za ulinzi, na hiyo ni kazi nyingine.

## Hatua ya 2: Jaribio la tochi

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiwa na haraka, haraka ifanyie hatua nyingine.

Subiri usiku usio na mwezi mkubwa. Mbalamwezi hudanganya, taa dhaifu itaonekana haifai na utanunua kubwa kupita kiasi. Zima taa zote za nje, hata za ukutani, kisha kaa gizani dakika 15 hadi 20. Macho yanahitaji muda huo kuzoea. Mtu anayetoka sebuleni kwenye televisheni na kuanza kujaribu papo hapo huchagua mwanga mkali mno kila mara.

Sasa mpe msaidizi tochi. Wewe baki mahali pako pa kutazamia. Huwezi kuhukumu mwanga huku umeushika mwenyewe, maana unaona kile tochi inachokiona, na mgeni hatasimama hapo.

Anza karibu. Tochi iwe chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, imeelekezwa juu. Mwanga utapanda ukikwaruza gome, na kila ufa na kila nundu itatupa kivuli. Kwa mti wenye gome zuri huu ni mwanga wa kupendeza. Kwa mti wenye shina laini utaona mstari mweupe tu.

Rudi nyuma kidogo kidogo. Mita 1, mita 2, mita 3. Utaona gome likilala na matawi yakianza kutokea. Kuna mahali ambapo shina na matawi huonekana pamoja kama kitu kimoja. Mwambie msaidizi asimame hapo, apige kigingi.

Zunguka. Hapa ndipo wengi hushangaa. Taa iliyo upande uleule ulipo wewe huutandaza mti uwe kama picha iliyobandikwa ukutani, kwa sababu vivuli vyote vimejificha nyuma. Sogeza tochi ubavuni, na mti unapata unene. Sogeza nyuma ya mti, na majani yanawaka pembezoni huku shina likiwa jeusi. Kwa miti mingi, mahali pazuri pa taa ya kwanza ni ubavuni, mbele kidogo ya mti.

Ongeza tochi ya pili, upande wa pili, iliyo dhaifu kuliko ya kwanza. Zikiwa na nguvu sawa zinafutiana vivuli, na unarudi kwenye mti uliopakwa chokaa. Moja ikiwa kali na nyingine ikiwa ya kulainisha tu, mti unasimama.

Kwa kila kigingi andika mambo manne: umbali kutoka shinani, upande, mwanga mwembamba au mpana, na mkali au hafifu. Usiitegemee picha ya simu. Kamera ya simu usiku huongeza mwanga yenyewe, na nimeona watu wakibadilisha mpango mzuri kwa sababu ya picha mbaya.

Utajua umefaulu mtu ambaye hakuwepo akija, akautazama mti, na asijue tochi ziko wapi.

## Hatua ya 3: Sikiliza mti wako ni wa namna gani

Mwembe. Majani yake ni ya kijani kizito, yamebanana, na yanameza mwanga. Ukiumulika kutoka nje unapata mpira mkubwa wa kijani. Ingiza taa ndani ya kivuli chake: mbili, mita 1 hadi 1.5 kutoka shinani, kila moja upande wake, zikimulika juu katikati ya matawi makubwa. Mwembe mzee una matawi mazito yaliyopinda kwa miaka, na hicho ndicho kitu cha kuonyesha. Kama una nafasi, weka ya tatu, hafifu, nje ya kivuli, iguse majani ya mbele kidogo tu.

Mnazi. Ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo unataka mwanga mwembamba. Taa ikae sentimita 40 hadi 60 kutoka shinani, ikitazama juu karibu wima. Minazi mingi huinama. Usiweke taa upande ulikoinamia, maana nazi na makuti hudondokea huko, na nazi moja inatosha kuvunja kioo. Weka ubavuni.

Mbuyu. Shina ndilo uzuri wenyewe. Taa mbili au tatu zikae sentimita 30 hadi 50 tu kutoka kwenye gome ili mikunjo yake itoe vivuli, na nyingine moja mita 5 hivi kutoka shinani kwa ajili ya matawi. Gome la mbuyu lina rangi ya kijivu inayorudisha mwanga vizuri, hivyo punguza wati. Wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, matawi matupu juu ya anga jeusi hayahitaji msaada mwingine.

Ila mbuyu una haki yake. Maua yake hufunguka jioni, na popo ndio wanaoyachavusha. Msimu wa maua ukifika, zima. Mti utakushukuru kwa mabuyu.

Mwarobaini. Majani madogo, mepesi, yanapitisha mwanga. Taa moja ubavuni, mita 1 kutoka shinani, mara nyingi inatosha. Jaribu pia kuiweka nyuma ya mti.

Mvinje ulio karibu na ukuta. Weka taa mbele, chini, na uache kivuli chake kianguke ukutani. Upepo ukivuma, ukuta mzima unacheza.

Njia nyingine inayofaa mwembe mkubwa au mkungu ni kupandisha taa juu ya mti, mita 6 au zaidi, imulike chini kupitia majani. Ardhini unapata madoa ya mwanga na kivuli kama mbalamwezi. Mimi naipenda kuliko zote kwa mahali ambapo familia hukaa kula, kwa sababu hakuna taa inayokutazama usoni. Lakini inahitaji mtu anayejua kupanda kwa usalama na kamba, na itahitaji kupandiwa tena kila mwaka.

## Hatua ya 4: Hesabu pembe na nguvu

Sasa una karatasi yenye vigingi. Igeuze kuwa orodha ya kununulia.

Pembe ya mwanga huandikwa kwenye boksi kwa nyuzi. Hesabu za haraka ni hizi. Taa ya nyuzi 60 hutoa duara lenye upana unaozidi kidogo umbali wenyewe: kwa mita 4 unapata duara la mita 4.6. Nyuzi 36 hutoa karibu theluthi mbili za umbali. Nyuzi 24 hutoa chini kidogo ya nusu. Nyuzi 15 hutoa karibu robo.

Chukua mnazi wa mita 12. Ukifunga taa ya nyuzi 60, mwanga ukifika kwenye makuti una upana wa karibu mita 14. Makuti hayana upana huo, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme unaolipia inakwenda mbinguni. Nyuzi 24 zinakupa mita 5, na hizo zinatua katikati ya makuti. Kwa mwembe wa kichwa cha mita 8, ambao matawi yake yako mita 4 juu ya taa, taa mbili za nyuzi 60 zinaugawana vizuri.

Nguvu: mti wa hadi mita 3 unatosheka na wati 3 hadi 5. Mita 4 hadi 7, wati 7 hadi 9. Zaidi ya hapo, wati 10 hadi 15 kwa taa. Hizi ni wati za LED. LED nzuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka) 80 hadi 100 kwa kila wati, na ni bora ulinganishe lumeni kuliko wati kwa sababu taa mbili za wati 7 zinaweza kutofautiana sana. Ukiwa katikati ya namba mbili, chukua ndogo.

Onyo: ile taa bapa ya wati 50 ya ukutani, hata ikiwa ya bei nafuu, usiilete hapa. Ni nzuri kwa geti. Mwanga wake hutawanyika kila upande na hakuna kofia inayoutuliza.

## Hatua ya 5: Chagua rangi ya mwanga

Tazama namba ya kelvini (K) kwenye boksi: ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni mweupe wenye bluu. Kwa miti chukua 2700 hadi 3000, mwanga wenye manjano ya taa ya kandili. Magome yetu mengi ni ya kahawia au kijivu, na mwanga huo huyapa uhai. Taa za 6500, ambazo ndizo zimejaa madukani, hufanya majani yaonekane kama ya plastiki na shina kama zege.

Mnazi wenye makuti mabichi unaweza kuvumilia 4000. Zaidi ya hapo usipande.

Mwanga wenye manjano una faida nyingine: huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye bluu. Wakati wa kumbikumbi utaiona tofauti.

Tafuta pia herufi Ra kwenye boksi, na namba iliyo mbele yake isipungue 80. Namba hiyo inaeleza rangi zitakavyoonekana kwa uaminifu. Taa za kijani, za zambarau, za kubadilika badilika, mimi siziweki kwenye mti. Mti wa kijani ukimulikwa kwa kijani unapoteza kila rangi nyingine uliyo nayo.

## Hatua ya 6: Umeme

Kwa bustani yenye watoto, mbwa na fyekeo, nakushauri volti 12. Waya ukikatwa hauui. Volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya zikikatwa kwenye majani mabichi ni habari tofauti kabisa.

Kuunganisha transfoma kwenye umeme wa nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni: Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, mamlaka za kusimamia nishati. Omba akuonyeshe leseni. Mwambie unataka kifaa cha miliampea 30 cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ufike mahali pake. Akikwambia si lazima, tafuta mwingine.

Transfoma usiijaze. Taa 4 za wati 7 ni wati 28. Gawa kwa 0.8, unapata 35. Nunua ya wati 40 au zaidi. Angalia pia kama taa zako zinataka AC (umeme unaogeuka mwelekeo) au DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), maana zote mbili zipo za volti 12, na kuchanganya ni sababu kubwa ya taa kumetameta au kufa baada ya wiki mbili.

Volti 12 ina udhaifu mmoja: hupungua njiani. Kwa wati 28 hizo na waya wa mita 20 wa milimita 1.5 za mraba, taa ya mwisho hupokea pungufu ya volti 1.1. Kwa waya wa milimita 2.5 pungufu ni 0.7 hivi. Kwa hiyo chukua waya mnene, na kama inawezekana weka boksi la maungio katikati, kila taa ipate tawi lake, kuliko kuzipanga mlolongo mmoja mrefu.

Matumizi yasikutishe. Wati 28 kwa saa 4 kila usiku ni yuniti 3 na kidogo tu kwa mwezi. Taa moja ya wati 50 inayowaka saa 12 hula yuniti 18.

Na sola? Zile ndogo za kuchomeka, zenye paneli kichwani, zinafaa kuonyesha njia. Kwa mti mkubwa hazifiki, na tatizo lake ni la kimaumbile: paneli inataka jua, nawe umeiweka chini ya mwembe. Kama umeme wa gridi haupo, tafuta taa ambayo paneli yake inatengana na inafungwa juani, paa la banda kwa mfano.

## Hatua ya 7: Mtaro bila kuumiza mti

Mizizi inayonyonya maji na chakula iko juu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 60 za mwanzo. Ukichimba mtaro ukikatiza mbele ya shina, unakata nusu ya mdomo wa mti. Chimba ukielekea shina moja kwa moja, kama mshale, ili upite katikati ya mizizi. Tumia mikono na jembe dogo. Mzizi mnene kuliko kidole gumba usikatwe. Pitisha waya chini yake.

Waya wa volti 12 uwe ndani ya paipu, sentimita 20 hadi 30 chini. Waya wa volti 230, kama lazima upite bustanini, uwe wa kukingwa kwa chuma, kina kisipungue sentimita 50, na juu yake uweke mchanga kisha utepe wa onyo kabla ya kufukia.

Mimi mwaka wa kwanza nilizika waya sentimita 5 chini ya nyasi, nikiamini kijana anayefyeka ataukumbuka. Hakukumbuka, na kosa lilikuwa langu. Ulikuwa wa volti 12, kwa hiyo tulipoteza waya tu.

Paipu hukinga pia dhidi ya mchwa na panya. Ziba miisho yake. Karibu na kila taa acha waya wa ziada wa mita 1, umekunjwa ndani ya boksi, kwa sababu taa hii utaisogeza, mti unakua.

Maungio usiyafunge kwa tepu nyeusi peke yake. Masika moja linatosha kuingiza maji. Tumia konekta zenye jeli au boksi lisiloingiza maji.

Onyo kwa taa za juu ya mti: usifunge kwa waya wa nondo. Shina linanenepa, waya hausogei, na ganda linakatwa pande zote. Chakula cha mti hushukia kwenye ganda hilo. Tumia mkanda mpana, na uulegeze kila mwaka.

Swali linaloulizwa sana: taa za kuzika ardhini, zenye kioo usawa wa ardhi? Zinapendeza kwenye picha. Chini ya mwembe hufunikwa na majani ndani ya siku tatu, na bila shimo la kokoto la sentimita 30 hivi chini yake hugeuka kisima. Ziweke tu mahali ambapo watu hupita na taa ya mkuki ingepigwa teke.

## Hatua ya 8: Elekeza usiku, kwa mara nyingine

Chomeka taa kwenye vigingi vyako na usifukie kitu bado. Washa, rudi kwenye kiti chako cha barazani. Mwite yule yule msaidizi, ageuze shingo za taa kidogo kidogo huku unamwelekeza.

Kisha tembea. Ingia getini, panda ghorofani kama ipo, simama dirishani kwa jirani ukiruhusiwa, pita barabarani. Popote utakapoona kioo cha taa chenyewe, vesha kofia au geuza. Mwanga unaompiga dereva machoni au unaoingia chumbani kwa jirani ni ugomvi unaoujenga mwenyewe.

Utajua umefaulu ukiweza kuona gome, matawi na majani kwa wakati mmoja. Pia ukiona sehemu ya mti imebaki kivulini. Na usipoweza kusema taa iko wapi mpaka uinuke uitafute. Hapo kaza skrubu, fukia mitaro.

## Hatua ya 9: Weka saa ya kuzima

Swichi ya saa iwashe saa 1 usiku, izime saa 4 au saa 5. Baada ya hapo hakuna anayetazama, na viumbe wa usiku wana shughuli zao.

Kama nyumba yako inatazama ufuko ambako kasa hutaga, kama Watamu au Mafia, hatua hii ni ya lazima. Vitoto vya kasa vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Mnazi uliomulikwa huvivuta kurudi nchi kavu, vikafia huko. Usimulike mti wowote unaoonekana kutoka mchangani msimu wa kuanguliwa, na nyakati nyingine tumia mwanga wa kaharabu, hafifu, wenye kofia, usioelekea bahari.

## Matunzo

Kila mwezi zima umeme, futa vioo kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la kiangazi, chumvi na utando wa buibui hupunguza mwanga polepole mpaka unadhani taa imechoka. Pwani, kabla ya kusi kuanza kuvuma, kaza skrubu zote za shingo. Upepo huo hugeuza taa bila wewe kujua.

Baada ya masika fungua kila boksi la maungio. Ukikuta unyevu, kausha, badilisha konekta, tafuta maji yameingilia wapi. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kile kifaa cha miliampea 30. Kisipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Na mara moja kwa mwaka, usiku usio na mwezi, toka tena na tochi. Tawi jipya limeota mbele ya taa, mwembe umepogolewa, mnazi umerefuka. Ng'oa mkuki, sogeza nusu mita, ukae utazame.